Nilisema Ni Dawa ya Kichwa

Kwanza tukubaliane: haiui. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali pamoja na watu wenye magonjwa yanayojulikana, mtoto aliyeungua na uji, mzee mwenye kidonda mguuni kisichotaka kufunga, na mimi katikati yao nimevaa kofia ya sufu jua likiwaka, nikiugua nywele. Ukitaka kucheka, cheka sasa, nitakungoja. Mimi nilichelewa kucheka, na ndiyo maana naandika.

Namwandikia yule ambaye leo asubuhi amesimama mbele ya kioo, akashika kioo kingine kidogo nyuma ya kichwa, akaona. Najua umeshatafuta majina ya vidonge kwenye simu na ukakuta watu wanabishana kipi kinashinda kingine. Nimemeza vya aina zote tatu. Nitakwambia kila kimoja kilinifanya nini, lakini siwezi kukwambia bila kumtaja Wawira, kwa hivyo nivumilie.

Mimi ni fundi cherehani hapa Githongo. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaniambia nikae nyumbani, nami sikubishana nayo maana nyumbani napapenda. Cherehani iko barazani, mama yuko jikoni, kahawa iko nyuma ya nyumba. Sijaona sababu ya kuvuka barabara. Nashona sare za shule. Na kazi hii ina aibu moja ambayo hakuna anayekuonya ukianza: mteja unampima ukiwa umepiga magoti. Ukiwa chini unatafuta urefu wa suruali, yeye ataangalia nini? Anaangalia utosi wako.

Ndivyo nilivyojua. Mama mmoja alileta mwanawe aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Nimeinama na tepu yangu, nikasikia kijana anamnong'oneza mamake, "Mum, ona. Kinoru."

Kinoru ni uwanja wa mpira wa Meru mjini. Nyasi pande zote, katikati pamekanyagwa.

Wawira yeye alikuja Githongo kufundisha kwa muhula mmoja, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kule Nchiru. Sketi yake iliachia mshono, akaileta kwangu. Alikaa kwenye benchi akaangalia baraza iliyofagiwa, vitambaa vilivyokunjwa kwa rangi, paka aliyelala juu ya kikapu cha uzi.

"Fundi, wewe hutokaga?"

"Nilitoka mwaka jana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sketi ilikwisha siku hiyo hiyo, lakini alirudi kuuliza kama iko tayari mara kadhaa baada ya kuivaa. Muhula ulipoisha akarudi kwao Embu, upande wa Runyenjes, akapata kazi ya ualimu karibu na nyumbani, na tukaendelea kwa simu. Baadaye tukakubaliana kuoana. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Niliivuka ile barabara.

Siku ya kwanza kwenda kwao nilifuatana na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, ili awe msemaji wangu. Baba mdogo ana nywele kama nyasi za mvua ya Aprili. Kipara ni cha baba yangu, aliniachia mimi pamoja na shamba. Tulipoingia, nyanya yake Wawira, ambaye wote pale walimwita cucu, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniinamia kwa heshima ambayo sikuwa nimeifanyia kazi, akanikalisha upande wa wazee. Baba mdogo akaelekezwa kwa vijana. Nikaletewa nyama ya wazee. Nikala. Ningefanya nini?

Cucu akaningoja nimalize kutafuna, akasema, "Sasa mzee, huyo kijana wenu mmemwacha wapi? Tunataka kumwona."

Baba mdogo akasema kutoka kule kwa vijana, "Ndiye huyo unayemlisha, mama."

Walicheka, watu wale, mpaka baba yake Wawira akavua miwani akafuta macho. Wawira naye alicheka, akiwa amenishika bega. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Kicheko kilipoisha, baba yake alisema jambo la kawaida kabisa. Kwao hawaharakishi. Kabla ya kupokea ruracio, yaani mahari, lazima waulize kidogo kuhusu nyumbani kwetu. Hilo kila mtu huku analijua. Watu wa msichana hutuma mtu aje akae na majirani zako, anywe chai, aulize kama kwenu kuna wezi, kuna uchawi, kuna kifafa, kuna wazimu. Wakiridhika, msichana ni wako. Wasiporidhika hutaambiwa kwa nini. Nilisema ni sawa, waulize. Sikuwa na chochote cha kuficha isipokuwa utosi, na huo walikuwa wameshauona.

Lakini moyoni niliapa kwamba siku ya ruracio hakuna mtu atakayenikalisha na wazee.

*

Daktari wa ngozi anapatikana Meru mjini. Chumba cha kungojea kina mabenchi yanayotazamana, kwa hivyo mnaangaliana ngozi. Kila mtu anatafuta ugonjwa wa mwenzake. Mwenye vipele wanasogea mbali naye, mwenye mabaka wanamhurumia. Mimi nilikaa na kofia yangu, na niliona wananiangalia kwa woga, kwa sababu mtu asiyeonyesha kitu ana kitu kibaya. Muuguzi akatokea mlangoni.

"Nani ni wa nywele?"

Hakuna aliyejibu. Akarudia. Nikasimama kama mwizi aliyetajwa kanisani. Mzee mwenye kidonda mguuni akasogeza mguu nipite, akasema, "Pole, kijana," na alimaanisha.

Kidonge cha kwanza kilikuwa finasteride. Daktari alieleza taratibu: kila siku, miezi mingi, huenda zikaanguka zaidi mwanzoni, mwanamke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika, na nikiona mabadiliko kitandani au moyoni nirudi nimwambie. Nilitikisa kichwa kwa kila jambo kama mtu anayeahidi kulisha mbwa.

Kwenye kemisti dada aliyenihudumia alisoma karatasi akauliza, "Ni ya mzee wako?"

"Ni yangu."

Akaniangalia. Hakuangalia kichwani, aliangalia chini ya mshipi. "Aki pole. Na bado kijana hivyo."

Ndipo nikajua kwamba dawa hiyo huku inajulikana kama ya wazee wanaokojoa kwa taabu.

Nilianza mvua za Oktoba, kahawa ikiwa nyekundu mtini. Asubuhi moja mama alinikuta nikimeza. Alikuwa ameketi na jirani yetu Mama Kinya wakiambua maharagwe. Mama Kinya ndiye sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na sauti hiyo haibaki kanisani.

"Hiyo ni dawa ya nini?" mama akauliza.

Nikamwangalia Mama Kinya. Nikaona kesho yangu sokoni.

"Ni ya kichwa tu, mama."

Mama akaacha maharagwe. "Ya kichwa?"

"Ya kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu tutoke Embu."

Wakaangaliana. Mama Kinya akasema polepole, "Mungu ni mwema," akaambua ganda moja kwa muda mrefu sana.

Msomaji wa huku ameshaelewa. Huku kichwa kikikuuma unasema kinakuuma, unapewa chai na kidonge cha dukani, mambo yanaisha. Lakini mtu anayekunywa dawa ya kichwa, kila siku, bila homa, huyo ni wa ile dawa nyingine. Ile wanayopewa watu wanaosikia sauti. Mimi nilikuwa nafikiria nywele usiku na mchana, kwa hivyo neno kichwa kwangu lilikuwa na maana moja tu. Nilielewa mwaka mmoja na nusu baadaye.

Finasteride ilinifanyia hivi. Ilizuia. Mvua ndefu zilipofika uwanja haukuwa umepanuka, wala haukuwa umeota hata unyasi. Ni kama askari aliyeajiriwa baada ya ng'ombe kuibwa: analinda vizuri sana, lakini zizi ni tupu. Wawira alikuwa akipiga simu jioni.

"Zimefika?"

"Ziko njiani."

"Zinatoka wapi hizo, Sudan?"

Halafu angesema, bila kutania, "Mutwiri, mimi sijali, unajua." Nami ningejibu najua. Sikujua. Nilikuwa namwona cucu akiniinamia.

*

Julai ukungu wa huku hushuka mpaka mlangoni na huoni kahawa yako mwenyewe. Ndio mwezi nilioanza kidonge cha pili, minoxidil, ile ya kumeza. Dada wa kemisti alikuwa sasa ananijua.

"Hii nayo ni ya presha," akasema. "Mbona magonjwa ya wazee yote yanakuja kwako?"

Hii iliotesha. Siwezi kuisema vibaya kwa hilo. Iliotesha kichwani, ikaotesha masikioni, ikaotesha kwenye paji la uso na migongo ya vidole, mpaka nikipitisha uzi kwenye sindano nilikuwa sijui kipi ni uzi. Wanafunzi waliokuja kupimwa walikuwa wananiita Fundi Blanketi. Nilifurahi. Mtu haitwi blanketi akiwa na kipara.

Halafu miguu ikavimba. Jioni kiatu hakiingii, asubuhi macho yamefura kama mtu aliyelia. Nikiubonyeza mguu juu ya pedali ya cherehani, kidole kilikuwa kinaacha shimo kwenye ngozi na shimo linakaa. Moyo nao ulikuwa unakimbia mimi nikiwa nimekaa. Kiungo cha kwanza mwilini mwangu kuwahi kufanya mazoezi. Mama alikuwa ananiangalia nikishika kifua, anaongeza maziwa kwenye chai yangu.

Jumapili moja kikundi cha maombi kilikuja nyumbani. Niliambiwa wamekuja kuombea nyumba. Wakanikalisha kwenye kiti katikati, wakanivua kofia, wakaweka mikono yote juu ya kichwa changu, Mama Kinya mbele.

"Bwana, wewe unakijua kichwa hiki!"

"Amina," nikasema. Nilifikiri mama ameshagundua, na kwamba kwa upendo wake ameamua kutolitaja lile neno.

"Rudisha kilichopotea humu!"

"Amina!"

"Kila kitu kirudi mahali pake, Bwana, kama ulivyokiumba mwanzo!"

Nikasema amina kwa sauti iliyoniaibisha. Machozi yalinitoka. Wale wamama walikuwa wananisugua kwa imani, na ninavyoijua mikono yao ya jembe, nilipoteza zaidi siku hiyo kuliko mwezi mzima. Lakini niliguswa. Hakuna mtu aliyewahi kuzionea huruma nywele zangu namna hiyo.

Daktari alinipima presha, akasikiliza moyo, akasema hiyo tuiache. Zile zilizoota zikaondoka jinsi wageni wanavyoondoka, kundi zima mara moja. Za masikioni zilichelewa.

*

Cha tatu kilikuwa dutasteride. Daktari alisita. Akasema ina nguvu kuliko ile ya kwanza, inakaa mwilini miezi hata ukiacha, nisitoe damu nikiwa naitumia, na yale mambo ya kitandani na moyoni niyaangalie zaidi. Nikatikisa kichwa tena. Ile ahadi ya mbwa.

Ukiniuliza kwa nywele peke yake, hiyo ndiyo mshindi. Nilianza na mvua za Oktoba, na jua la Februari lilipowaka niliona kwenye kioo kidogo kitu ambacho hakikuwepo. Wateja wakaanza kuniangalia usoni. Wawira alikuja siku moja ya mapumziko, akapitisha vidole vyake utosini, akasema, "Zipo kweli!" akacheka kile kicheko cha kushika ukuta.

Na mimi sikuhisi kitu. Vidole vyake nilivihisi kama vile unavyohisi kofia. Kitu kilikuwa kimelala ndani yangu, kile unachofikiria na kingine kilicho juu yake, ambacho sikijui jina. Nilikuwa naona jina lake likiwaka kwenye simu na mkono hauinuki. Nilikuwa nashona mstari ulionyooka na kuufumua na kuushona tena. Sikulia. Mtu anayelia bado anataka kitu.

Nilirudi kwa daktari, hilo nililifanya. Nilikaa benchi lile lile, safari hii bila kofia, watu hawakujua nimefuata nini. Alinisikiliza akasema naweza kuacha leo.

"Na nywele?"

"Zitaanguka."

Nikamwambia niendelee mpaka ruracio ipite. Baba yake Wawira alikuwa tayari ametuambia kwamba mtu wa kuuliza atakuja baada ya Pasaka. Nilihesabu kwamba naweza kukaa hivyo, bila kuhisi kitu, hadi hapo. Ni nani anayehitaji kuhisi kitu kwenye ruracio? Kinachotakiwa ni ukae upande wa vijana.

Mtu wa kuuliza alikuwa shangazi yake Wawira, mama mtulivu mwenye mkoba mkubwa. Alipita kwetu akidai anatafuta mche wa parachichi. Mimi sikumjua. Nilimsalimia, nikarudi kwa mshono wangu. Kisha akaenda kwa Mama Kinya kunywa chai.

Baada ya siku mbili Wawira akapiga simu. Safari hii nilipokea.

"Mutwiri. Una kichwa?"

"Kila mtu ana kichwa."

"Sitanii. Shangazi amerudi kutoka huko. Jirani yenu amekusifu sana. Amesema wewe ni kijana mzuri, humsumbui mtu, na tangu uanze kumeza dawa ya kichwa umetulia kabisa."

Nilikaa chini barazani. Nikamwita mama.

"Mama, mimi naumwa na nini?"

Akafuta mikono kwenye kanga, akaketi mbali kidogo nami, kama mtu aliyejiandaa kwa swali hilo kwa muda mrefu. "Ni ugonjwa tu kama mwingine, mwanangu. Hata mjomba wangu alikuwa nao na alilima mpaka uzeeni."

"Mama, ni nywele."

"Nini?"

"Dawa ni ya nywele. Ziote."

Aliniangalia kichwani, kwa mara ya kwanza nadhani tangu aache kuninyoa. "Nywele?"

"Nywele."

"Mimi nimefunga kila Jumatano."

"Sikujua, mama."

"Nimefunga, Mutwiri. Nimekaa njaa mwaka mzima. Kwa nywele?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akajifunika uso na kanga. "Na baba yako alikuwa na kipara nikampenda hivyo hivyo," akasema ndani ya kitambaa.

*

Tulienda Embu, mimi na baba mdogo. Nilikalishwa upande wa vijana. Nakwambia hili ujue kwamba nilipata nilichotaka.

Baba mdogo alieleza vizuri. Kwamba ni neno tu limepotea njia, kwamba kijana alikuwa na maana ya nywele, kwamba kichwani mwake ndani hamna tatizo, tatizo liko juu. Wawira akasema, "Baba, ni kweli, mimi nilijua tangu mwanzo." Baba yake akavua miwani, lakini safari hii hakufuta macho.

"Unakunywa kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku, mzee."

"Tangu mwaka juzi."

"Ndiyo, mzee."

"Nasikia ulivimba miguu."

"Hiyo ilikuwa ya pili. Tuliacha."

"Na sasa hivi uko sawa? Mwili?"

Pale kulikuwa na cucu, kulikuwa na shangazi na mkoba wake, kulikuwa na Wawira. "Niko sawa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ile ya mtu anayesoma tangazo.

"Utamaliza lini?"

"Haimalizwi, mzee. Ukiacha, zinaanguka. Ni ya maisha."

Mzee akaangalia watu wake mmoja mmoja, kisha akanigeukia, na niseme ukweli alinigeukia kwa upole.

"Kijana. Mtu mzima ambaye hana homa, hana kidonda. Anavimba miguu, moyo unamkimbia, anaacha kuongea na watu. Na bado anameza, kila siku, mpaka siku ya kufa, kwa sababu ya nywele. Sasa niambie wewe. Hiyo si dawa ya kichwa?"

 

Wakatupa masharti, tena ya heshima: niache dawa, nikae bila dawa mpaka kahawa ya mwisho wa mwaka ivunwe, wataangalia tena. Njiani baba mdogo alisema si vibaya. Nikaacha siku hiyo hiyo.

Daktari alikuwa amesema kweli, ile ya tatu haitoki upesi. Kwa miezi nilikuwa sina dawa na bado nilikuwa nayo. Kisha hisia zikarudi, na ya kwanza kufika ilikuwa woga. Nywele zikaanza kuondoka Agosti, mto wa kitanda ukawa kama sakafu ya kinyozi. Zikaanguka kwenye sare. Mwalimu mkuu mmoja akarudisha sweta akiuliza kama nafuga mbuzi. Kila unywele ulikuwa uthibitisho kwamba nimepona, na nilikuwa siwezi kuufurahia. Nilikuwa nakaa barazani nikijisomea vipimo kwa sauti kama tunavyofanya mafundi wote, kiuno ishirini na sita, bega kumi na tano, kiuno ishirini na sita, nisikosee kitambaa.

Ndivyo shangazi alivyonikuta. Alisimama langoni na mkoba wake. Niligeuka, naye akaona mwanamume mwenye vishungi vya nywele hapa na pale, anaongea na hewa kuhusu viuno. Nilimkaribisha chai. Akasema amechelewa. Akapitia kwa Mama Kinya, ambaye sasa alijua ukweli wote na alikuwa amedhamiria kunisaidia.

"Huyo?" nasikia alisema, kwa ile sauti yake. "Woi, tangu aache dawa amebadilika sana! Hata huwezi kumtambua!"

Baada ya mavuno walirudisha asali. Tulikuwa tumewapelekea asali na shuka siku ile ya kwanza, na aliyeirudisha alikuwa kijana wa pikipiki ambaye hakujua amebeba nini. Asali haikuwa imefunguliwa, na huku hiyo ndiyo namna ya kusema hapana. Mama aliiweka juu ya kabati na hakuna aliyeigusa.

Wawira alinipigia simu mwenyewe, hakutuma mtu.

"Ningeweza kubishana nao," akasema. "Nilibishana nao. Lakini Mutwiri, mwaka mzima nilikuwa nakupigia na hukuwepo. Mimi sikuacha kumbishia baba kwa sababu ya nywele. Nilichoka kukusubiri wewe."

"Sasa nipo."

"Najua. Nakusikia." Kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Za kando."

Alicheka kidogo. Sijui kama kulikuwa na ukuta karibu naye.

*

Kwa hivyo, ndugu yangu wa vioo viwili. Ya kwanza inalinda. Ya pili inaotesha, hata ambapo hukuitaka. Ya tatu ni bingwa. Wapo wanaozimeza na wanaendelea na maisha yao vizuri. Nimekutana nao kwenye benchi, mmoja ana watoto wanne na nywele za kutosha wote. Mwili wangu ulikuwa mwili wangu, wako ni wako. Nenda kwa daktari, usinunue kwenye simu, na akikwambia urudi ukiona mabadiliko, rudi, halafu umsikilize. Na mtu akikuuliza nyumbani ni dawa ya nini, sema nywele. Litaje neno lenyewe mbele ya Mama Kinya wa kwenu. Watakucheka wiki mbili. Mimi nilikikimbia kicheko nikapewa pole, na pole haiishi. Mpaka leo kuna mama sokoni hunishika kiwiko, akaniuliza polepole kama usiku nalala.

Wawira aliolewa. Picha zilifika kwenye simu ya baba mdogo, akaniletea, akatoka nje akajifanya anaangalia kahawa. Naona aibu kusema nilichoangalia kwanza. Niliikuza picha kwa vidole viwili, nikapita gauni, nikapita uso wake, nikaenda moja kwa moja kwa bwana harusi, juu.

Kipara. Kutoka sikio hadi sikio, kimepakwa mafuta, kinang'aa jua lote la Runyenjes, hana kofia. Na Wawira amekilalia shavu, macho amefumba, anacheka.